Uzamivu si tasnifu peke yake, mzazi ajue hili

Shule ya mtoto ina alama zake ambazo kila mzazi anazijua. Darasa la saba kuna mtihani, kidato cha nne kuna mtihani, cha sita hivyo hivyo, na matokeo yakitoka yanasomwa kwenye simu kabla mtoto mwenyewe hajaamka. Chuo kikuu nacho kina mihula na GPA. Mzazi hata kama haelewi mwanawe anasoma nini, anajua amefika wapi.

Uzamivu, ile shahada ambayo wengi huiita PhD, ukisomwa kwa njia ya utafiti hauna alama za namna hiyo. Hakuna darasa la kuvuka wala nafasi ya kushika. Kuna msimamizi, kuna data, na kuna kitabu kinachoitwa tasnifu ambacho kinaandikwa na kufutwa kwa miaka mitatu, minne, wakati mwingine sita. Mzazi aliyeko nyumbani hana cha kupimia. Anabaki na swali moja, na huliuliza kila Krismasi au kila Idi: unamaliza lini?

Swali hilo si baya, ila linagusa nusu tu ya kazi. Mwanafunzi wa uzamivu anatakiwa kutoka na vitu viwili. Cha kwanza ni tasnifu. Cha pili ni stadi za kumwezesha kuishi kwa ujuzi wake: kuandika, kueleza, kuomba fedha, kufundisha, kusimamia watu na kujua nani anahitaji anachokijua. Tasnifu ina msimamizi, ina kamati na ina tarehe. Stadi mara nyingi hazina mwenyewe. Hata hivyo, baada ya mahafali, hizo stadi zina sehemu kubwa katika kuamua kama mtu atapata kazi au atarudi kwenye chumba chake cha zamani akiwa daktari wa falsafa asiye na mshahara.

Mama mmoja wa Morogoro, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, alikuja kulijua hili binti yake akiwa mwaka wa tatu wa uzamivu. Hakulijua kwa urahisi.

Warsha isiyo na posho

Binti huyo, mtoto wake wa tatu, ana miaka 33 na anachunguza sumukuvu kwenye mahindi na karanga. Kwa asiyeifahamu, sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na kuvu inayoota kwenye mazao, hasa yasiyokauka vizuri au yaliyohifadhiwa penye unyevu. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na inajulikana kuwa husababisha saratani ya ini. Utafiti wake unamlazimu kuzunguka vijijini kuchukua sampuli ghalani. Kwa hiyo mwanawe wa miaka minne anaishi Morogoro kwa bibi yake, na mume yuko kikazi mkoa mwingine.

Mama alilikubali hilo tangu mwanzo. Kulea mjukuu ili mama yake asome ni kazi ambayo bibi wengi wameifanya bila kuihesabia. Kilichomshinda ni simu ya mwezi wa tatu. Binti alimwamkia, akauliza hali ya mtoto, kisha akasema hatakuja Pasaka kama alivyoahidi. Anakwenda kwenye mafunzo ya wiki mbili.

"Mafunzo ya nini tena?" mama aliuliza.

"Ya kuandika makala za kitaaluma, Mama. Na kuandika maombi ya fedha za utafiti, na kuwasilisha kazi mbele za watu."

"Mwanangu, wewe umeanza kuandika mimi mwenyewe nikikushika mkono. Leo una digrii mbili, unafundishwa kuandika?" Akanyamaza kidogo. "Posho wanatoa?"

"Hawatoi. Nauli najilipia."

Swali la posho lilikuwa na msingi. Mtu aliyetumikia serikali miaka 36 anajua warsha ni nini: ukumbi wa hoteli, chai ya saa nne na sambusa, mada tatu, na karatasi ya kusaini kabla ya kuondoka. Mama alijua pia kuwa ufadhili wa binti yake ulikuwa wa miaka mitatu, na mwaka wa tatu ulikuwa umeshaanza. Kwa hesabu yake, wiki mbili za mafunzo zilikuwa zimeibwa kwenye tasnifu, na Pasaka ilikuwa imeibwa kwa mtoto.

Hakumwambia binti kwamba amekasirika. Alimwambia mdogo wake, na mdogo wake akamfikishia binti, kama ilivyo kawaida ya habari za ukoo. Wiki hiyo simu kati ya Morogoro na chuoni zilikuwa fupi sana.

Mafunzo haya yalianzia wapi

Wazo la kumfundisha mwanafunzi wa utafiti mambo yaliyo nje ya mada yake halikubuniwa na watu wa posho. Nchini Uingereza, mwaka 2002, mwanasayansi Sir Gareth Roberts aliikabidhi serikali ripoti kuhusu upatikanaji wa watu wenye ujuzi wa sayansi na uhandisi. Moja ya hoja zake ilikuwa kwamba wanaomaliza uzamivu wanaijua sana mada yao, lakini mafunzo yao hayawaandai vya kutosha kwa kazi, iwe viwandani au hata vyuoni kwenyewe. Alipendekeza kila mwanafunzi wa uzamivu apate angalau wiki mbili za mafunzo ya stadi kila mwaka. Serikali ikatoa fedha, takribani pauni milioni 20 kwa mwaka kwa miaka kadhaa, na vyuo vikaanzisha kozi na kuajiri watu wa kuziendesha.

Wiki mbili kwa mwaka. Ndizo zile zile zilizomkasirisha mama wa Morogoro.

Mwaka 2010 taasisi ya Vitae, ya huko huko Uingereza, ilitoa mwongozo wa mambo ambayo mtafiti anapaswa kuyajenga. Umegawanywa katika maeneo manne: maarifa na uwezo wa kufikiri, uwezo wa kujisimamia, kuendesha utafiti kwa utaratibu na maadili, na kufanya kazi na watu ili utafiti ulete faida. Siku ya kutetea tasnifu, watahini hujikita zaidi kwenye eneo la kwanza. Kwenye usaili wa kazi, maswali mengi hutoka kwenye hayo matatu mengine.

Huku kwetu nako mafunzo ya aina hii yana historia. Mwaka 2008 ulianzishwa umoja wa vyuo vikuu na taasisi za utafiti uitwao Consortium for Advanced Research Training in Africa, kwa kifupi CARTA. Unaongozwa na kituo cha utafiti cha APHRC cha Nairobi pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa wanachama wake. Kazi yake ni kusomesha wahadhiri na watafiti katika masuala ya afya ya jamii. Anayesoma chini yake hupitia vipindi vinne vya mafunzo ya pamoja, kila kimoja cha wiki kadhaa, vinavyofuata hatua za uzamivu wenyewe. Mwanzoni ni kufikiri kwa kina na kuandaa andiko la utafiti. Kisha ni mbinu na uchambuzi wa data. Kisha uandishi na uchapishaji. Mwishoni ni maisha baada ya shahada: kuomba fedha, kuongoza wengine na kupanga kazi.

Mzazi akiutazama mpangilio huo ataona kuwa kila stadi ina msimu wake. Anayeanza kufikiria kazi wiki ya mahafali ni kama anayeanza kuanika mahindi mvua zikiwa zimeshafika.

Laki nane za kikoba

Binti alikwenda kwenye mafunzo. Siku ya nne alipiga simu usiku, na alilotaka kusema lilikuwa la fedha.

Mwezi mmoja kabla, alikuwa amemwomba mama shilingi laki nane. Alipata barua pepe kutoka kwa jarida fulani la nje likimsifu kwa utafiti wake na kumwahidi kuchapisha makala yake ndani ya siku tano, mradi alipie ada. Chuo chake kinataka mwanafunzi awe amechapisha kabla ya kumaliza, na makala yake ilikuwa imekataliwa mara mbili kwingine. Siku tano zilisikika kama muujiza. Mama hakuwa na laki nane mkononi, ila alikuwa na hisa kwenye kikoba, na alikuwa ameshaongea na mweka hazina.

"Mama, usikope," binti alisema. "Lile jarida ni la matapeli."

Kwenye mafunzo walikuwa wamepewa orodha ya maswali ya kujiuliza kabla ya kupeleka makala popote. Je, wewe au wenzako mnalifahamu jarida hilo? Mmewahi kusoma makala zake? Wahariri wake ni watu wanaojulikana, na je, wao wenyewe wanajitaja kuwa wahariri wake? Ada imeelezwa wazi tangu mwanzo? Makala hupitiwa na wataalamu wengine, na kazi hiyo inawezekanaje ndani ya siku tano? Ipo kampeni ya kimataifa iitwayo Think. Check. Submit. inayotoa maswali ya aina hii bure kwenye intaneti. Binti aliyapitisha maswali hayo kwenye barua pepe ile, na jarida likafeli karibu yote.

Mambo haya hayamo kwenye mada ya sumukuvu. Mtu anaweza kuijua kuvu mpaka kwenye vinasaba vyake na bado akalipia tapeli, kisha makala yake ikakataliwa siku ya kuhesabu vigezo. Mama alikaa na simu mkononi muda mrefu baada ya mazungumzo hayo. Zile wiki mbili zilikuwa zimeshaokoa laki nane, na bado hazijafika nusu.

Dakika tatu za kumweleza mama

Wiki ya pili kulikuwa na zoezi la kuueleza utafiti wako kwa dakika tatu, kwa slaidi moja tu, kwa watu wasio wa fani yako. Zoezi hili lina asili yake Australia. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Queensland kilianzisha shindano la namna hiyo kwa wanafunzi wa uzamivu. Jimbo hilo lilikuwa limekumbwa na ukame mkali, na watu walihimizwa kuoga kwa muda mfupi ili kuokoa maji; wengine walibandika bafuni kipima muda cha dakika tatu. Mkuu wa masomo ya juu wa chuo hicho akaona kuwa kama dakika tatu zinatosha kuoga, zinatosha pia kueleza uzamivu. Tasnifu ya maneno 80,000, ikisomwa kwa sauti, ingechukua takribani saa 9 mfululizo. Leo shindano hilo hufanyika katika vyuo vya nchi nyingi.

Binti alihitaji mtu wa kumsikiliza, akampigia mama kwa video. Mjukuu alikuwa amelala. Mama aliweka simu mezani, akaiegemeza kwenye chupa ya chai, akaangalia saa ya ukutani.

Binti akaanza. Hakumaliza sentensi ya kwanza.

"Simama," mama alisema. "Mikotoksini ndiyo nini?"

"Ni sumu za kuvu, Mama."

"Basi sema sumu za kuvu. Na usianze na sumu. Mtoto wa darasa la nne ukimwanzishia na sumu anaogopa, anaacha kusikiliza. Anza na mahindi. Mahindi anayajua."

Walirudia mara sita. Mara ya tatu mama alimkata kwa sababu alitaja namba tano kwa mpigo. Mara ya tano alimwambia aache kusoma slaidi na amtazame mtu usoni. Mara ya sita binti alianza na gunia la mahindi lililo kwenye kona ya jikoni, akaeleza jinsi punje chache zilizobadilika rangi zinavyoweza kubeba sumu nyingi, kwamba kuipika unga na kusonga ugali hakuiondoi, na kwamba kazi yake ni kutafuta ni hatua ipi kati ya shamba na ghala ambako mkulima anaweza kuizuia kwa gharama anayoimudu. Dakika mbili na sekunde hamsini.

Mama alinyamaza. Kwa miaka mitatu alikuwa akiwaambia majirani kuwa binti yake "anasomea mambo ya vyakula". Sasa alikuwa ameelewa. Kesho yake alimwaga gunia lake mwenyewe kwenye turubai, akaanza kuchambua punje moja moja.

Kulikuwa na jambo jingine lililomgusa. Moja ya vipindi vya mafunzo kilihusu ufundishaji, kwa sababu wahitimu wengi wa uzamivu hupewa darasa la wanafunzi mamia bila kufundishwa hata siku moja namna ya kufundisha. Binti alileta maswali kuhusu malengo ya somo, kupanga muda na kupima kama wanafunzi wameelewa. Mama alicheka. Hayo aliyajua tangu chuo cha ualimu: andalio la somo na azimio la kazi. Alimtumia binti picha ya daftari lake la zamani, kurasa zilizopigwa mistari kwa rula, na ikawa msaada kuliko slaidi nyingi. Wazazi wengi hudhani elimu ya mtoto imewapita kiasi kwamba hawana cha kuchangia. Kwenye mada inaweza kuwa kweli. Kwenye stadi, mama aliyeuza sokoni miaka ishirini anajua kujadiliana, na baba aliyekuwa karani anajua kutunza kumbukumbu.

Nyuma ya "naendelea vizuri"

Mazungumzo yale ya video yalifungua mlango uliokuwa umefungwa. Usiku mmoja, baada ya mazoezi, binti alisema jambo ambalo hakuwa amelisema kwa mwaka mzima. Sura ya tatu ya tasnifu ilikuwa imerudishwa mara tatu. Msimamizi wake alikuwa akikaa wiki sita bila kujibu, kisha anabadilisha alichokubali awali. Fedha ya ufadhili ingekwisha mwezi wa tisa, na kazi ilikuwa imebaki ya mwaka mmoja zaidi. Mwezi wa pili alikuwa ameandika barua ya kujiondoa. Hakuituma.

Kila alipoulizwa anamaliza lini, alijibu "naendelea vizuri, Mama", kwa sababu jibu la kweli lingehitaji maelezo ya saa nzima na machozi.

Kwenye mafunzo aligundua kwamba wenzake karibu wote walikuwa na habari inayofanana na hiyo. Hilo peke yake lilimpunguzia mzigo, lakini mafunzo hayakuishia kwenye kufarijiana. Walifundishwa namna ya kufanya kazi na msimamizi: kwenda kwenye kikao na ajenda fupi iliyoandikwa, baada ya kikao kumtumia barua pepe yenye mambo matatu, yaani yaliyokubaliwa, nani atafanya nini, na lini, kupeleka sehemu ndogo ndogo badala ya sura nzima ya kurasa sitini, na kujua ngazi za chuo za kupeleka tatizo endapo ukimya utaendelea. Walifundishwa pia kutunza data katika nakala zaidi ya moja, sehemu tofauti, kwa sababu laptopu moja ikiibwa kwenye basi inaweza kuondoka na miaka miwili ya kazi.

Kisha kukaja zoezi la kazi. Kila mmoja aliambiwa aandike aina tatu za waajiri ambao wangeweza kuhitaji ujuzi wake, na chuo kiwe kimoja tu kati ya hizo. Binti alikaa na karatasi tupu. Hajawahi kujifikiria nje ya chuo. Mwishowe aliandika Shirika la Viwango, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula nchini. Viwanda vya unga na vya kusindika karanga, ambavyo vinahitaji mtu wa kupima mazao yanayoingia. Na chuo kikuu. Chini ya kila mmoja akaandika anachoweza tayari na asichoweza. Pengo lililojirudia lilikuwa kuandika bajeti na ripoti ambazo mtu asiye mwanasayansi angeelewa. Hayo yanaweza kujifunzwa ndani ya mwaka mmoja, na sasa alijua ni yapi.

Mzazi afanye nini

Mzazi hawezi kumwandikia mwanawe tasnifu, ila anaweza kumsaidia asiishie hapo.

Jambo la kwanza ni kubadilisha maswali. Badala ya kuuliza tarehe ya kumaliza kila simu, mzazi anaweza kuuliza: mwaka huu umejifunza kufanya kitu gani ambacho mwaka jana hukukiweza? Nani mwingine, mbali na msimamizi, anaijua kazi yako? Msimamizi amejibu? Maswali haya yanampa mtoto nafasi ya kusema ukweli kabla barua ya kujiondoa haijaandikwa.

La pili ni muda. Wiki mbili kwa mwaka za mafunzo ya stadi si likizo wala si uvivu, na familia inaweza kuzipangia kama inavyopangia msimba au harusi: nani atakaa na mtoto, nani atampeleka kliniki, nani atasimama kwenye shughuli ya ukoo kwa niaba yake. Kwa mwanafunzi mwanamke aliye na mtoto mdogo, mpango huo ndio unaoamua kama atahudhuria au hatahudhuria.

La tatu ni kuuliza mapema. Kabla ya kujisajili, mwanafunzi anaweza kuuliza chuoni kama wanafunzi wa utafiti hupewa mafunzo ya uandishi, ufundishaji, takwimu na maandalizi ya kazi, na kama yapo kwenye ada au yanalipiwa kando. Pale ambapo chuo hakina, yapo ya bure. Mradi wa AuthorAID, ulioanzishwa mwaka 2007, hutoa kozi za mtandaoni za uandishi wa utafiti bila malipo na huwaunganisha watafiti chipukizi na wazoefu. Namba ya utambulisho wa mtafiti iitwayo ORCID, inayokusanya kazi zake zote mahali pamoja, nayo ni bure. Gharama yake ni bando.

La nne ni kuwa macho upande wa pili. Wapo wanafunzi wanaojificha kwenye mafunzo. Sura ikiwa ngumu, wanaruka kutoka warsha moja hadi nyingine, wanarudi na vyeti, na tasnifu inabaki pale pale. Mafunzo yenye faida huacha kitu mkononi: makala iliyoandikwa, bajeti iliyopangwa, barua iliyotumwa kwa msimamizi. Kama mwanafunzi amerudi na begi na cheti tu, mzazi ana haki ya kuuliza.

La tano ni kuacha kuipima kazi ya uzamivu kwa cheo cha mhadhiri pekee. Nafasi za vyuoni ni chache kuliko wanaozitaka, na mtoto anayekwenda kiwandani, kwenye mamlaka ya serikali au kwenye shirika la utafiti hajashindwa. Maneno ya nyumbani yana uzito hapa. Kijana anayesikia kila siku "lini utakuwa profesa" atakataa kazi nzuri kwa kuogopa kuwaangusha wazazi.

Mafunzo hayatengenezi ajira pasipo na ajira, wala hayaongezi ufadhili uliokwisha. Binti wa Morogoro bado hajamaliza. Makala yake, iliyopelekwa kwenye jarida la kweli safari hii, imerudi na maoni ya kurasa nne, na anayajibu moja baada ya jingine kama alivyofundishwa. Msimamizi sasa anajibu ndani ya wiki mbili, mara nyingine tatu. Mwaka wa nne hauna mfadhili, kwa hiyo familia ilikaa, ikaandika kwenye karatasi moja mapato, matumizi na miezi iliyobaki. Mume atalipa kodi ya chumba, kaka mkubwa atatoa nauli za vijijini, binti atafundisha masaa ya jioni kwenye chuo cha kati, na bibi ataendelea na mjukuu.

Kwenye kalenda ya ukutani kwa bibi, kwenye mwezi wa sita, kuna siku kumi na nne zilizozungushiwa kalamu nyekundu. Ni mafunzo ya kuandika maombi ya fedha. Aliyezizungushia ni bibi mwenyewe.